Mshale unapodanganya: historia ya mita za umeme na mafundi waliojifunza kuzitilia shaka

Redio ya vali imewekwa juu ya meza, na mgongo wake umefunguliwa. Karatasi ya maelezo iliyotolewa na watengenezaji wake inasema kwamba mahali fulani katika saketi panapaswa kuwa na volti 50. Fundi anagusisha ncha mbili za mita yake ya zamani. Mshale unapanda, unatikisika kidogo, kisha unatulia kwenye volti 33. Anarudia, na mshale unasimama pale pale.

Hapo fundi ana mambo matatu ya kushuku. Huenda redio ni mbovu. Huenda mita ni mbovu. Au huenda redio ni nzima, mita nayo ni nzima, na bado namba hiyo si ya kweli. Historia ya vyombo vya kupimia umeme, msikilizaji, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliotafuta namna ya kuyatenganisha mambo hayo matatu. Ni historia inayowagusa hadi leo wale wanaozikusanya na kuzitengeneza mita za karne iliyopita, na inamgusa pia kila anayeweka mkono wake kwenye waya kwa kuamini kile ambacho mita imemwambia.

Mshale wa kwanza

Umeme hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni athari zake: joto, mwanga, cheche, au mvuto wa sumaku. Mwaka 1882 nchini Ufaransa, daktari na mwanafizikia Jacques-Arsène d'Arsonval, akishirikiana na mhandisi Marcel Deprez, aliutumia mvuto huo kutengeneza chombo ambacho koili nyepesi ya waya ilining'inizwa katikati ya ncha za sumaku ya kudumu. Mkondo wa umeme ukipita katika koili, koili hugeuka. Mkondo ukiongezeka, nayo hugeuka zaidi. Karibu kila mita ya mshale iliyotengenezwa baada ya hapo ni mtoto au mjukuu wa chombo hicho.

Hata hivyo, kile kilikuwa chombo cha maabara, chenye kuhitaji meza imara na mikono mipole. Aliyefanya kazi kubwa ya kukifanya kibebeke, na zaidi ya hayo kiaminike, ni Edward Weston, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1850 na kuhamia Marekani mwaka 1870. Kampuni yake ya vyombo vya kupimia ilianzishwa mwaka 1888 huko Newark, katika jimbo la New Jersey.

Weston alitambua kwamba adui wa mita yumo ndani ya mita yenyewe. Sumaku hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na mshale hupungua nao. Waya wa shaba nao hubadilika: joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 4. Mita iliyosawazishwa asubuhi ya baridi haiwezi kusema neno lile lile mchana wa jua kali. Weston alitafuta namna ya kuzifanya sumaku zidumu na nguvu zake, na akavumbua aloi za metali ambazo ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Aloi hizo baadaye zilijulikana kwa majina ya konstantani na manganini, na zinatumika hadi leo.

Mhandisi aliyechoka kubeba mizigo

Miongo kadhaa baadaye, mjini London, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyeitwa Donald Macadie alikuwa na tatizo lingine. Siku hizo Posta ndiyo iliyosimamia simu na telegrafu, na fundi wa njia za simu alilazimika kubeba chombo kimoja cha kupima mkondo, kingine cha kupima volti, na cha tatu cha kupima ukinzani. Macadie akaviunganisha vyote katika sanduku moja lenye swichi ya kuchagua kazi. Mwaka 1923 chombo hicho kiliingia sokoni kwa jina la AVO, herufi tatu zinazosimamia ampea, volti na omu.

Mita ya AVO ikaendelea kuboreshwa. Toleo lililopata sifa kuliko yote ni Model 8, lililotolewa mwaka 1951. Lilikuwa sanduku jeusi, zito, lenye mkanda wa ngozi wa kubebea. Chini ya mshale uliwekwa ukanda wa kioo cha kujitazamia, ili msomaji ahakikishe kwamba mshale umefunika kivuli chake mwenyewe kabla ya kusoma namba. Anayesoma kwa upande huona namba isiyo yake, hata kama mita haina kosa lolote. Aidha, mshale ulipogonga mwisho wa njia yake kwa nguvu, kitufe cha usalama kilifyatuka na kukata mkondo kabla koili haijaungua.

Model 8 na marekebisho yake iliendelea kutengenezwa kwa miaka 57, hadi mwaka 2008, ilipositishwa baada ya kuwa vigumu kupata baadhi ya sehemu zake. Kwa hiyo ziko mita za aina hiyo zenye umri wa zaidi ya miaka 70 na nyingine ambazo hazijafikisha hata miaka 20. Zote huonekana imara kwa nje. Swali ni kama zinasema kweli.

Uongo wa kwanza: mita inayokunywa umeme

Fundi wa redio aliyeona volti 33 mahali pa volti 50 anahitaji kwanza kujua jambo moja: mita ya mshale haipimi bure. Ili koili igeuke, lazima mkondo fulani upite ndani yake, na mkondo huo hutoka katika saketi inayopimwa. Ni kama mtu anayeonja mchuzi wa sufuria ndogo kwa upawa mkubwa. Akimaliza kuonja, mchuzi uliobaki si ule aliotaka kujua ladha yake.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua rezista mbili, kila moja ya omu 100,000, zilizofungwa kwa kufuatana kwenye umeme wa volti 100. Katikati yake pana volti 50 kamili. Sasa chukua mita yenye ukinzani wa omu 1,000 kwa kila volti, kiwango kilichokuwa cha kawaida kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na uiweke kwenye nafasi ya volti 100. Mita hiyo nzima ni sawa na rezista nyingine ya omu 100,000 iliyofungwa sambamba na ile ya chini. Hizo mbili kwa pamoja huwa omu 50,000, na volti zilizokuwa 50 hushuka hadi 33. Mita haikudanganya. Wakati ncha zake zimegusa, pale pana volti 33 kweli. Ncha zikiondolewa, volti 50 hurudi.

AVO Model 8 ilikuwa na ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti katika umeme wa mkondo mnyoofu. Katika saketi ile ile na nafasi ile ile ya volti 100, yenyewe ingeonyesha volti 48.8. Ndiyo maana mafundi wa redio waliithamini. Vyombo vilivyotumia vali kukuza umeme kabla ya kuupeleka kwenye mshale vilikwenda mbali zaidi. Mita ya vali iliyouzwa kwa vipande na kampuni ya Heathkit ya Michigan, Marekani, ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani, ilikuwa na ukinzani wa omu milioni 11.

Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi wa leo. Karatasi nyingi za zamani za maelezo ya redio ziliandikwa na watu waliotumia mita za wakati huo, na mara nyingi zilitaja aina ya mita iliyotumika. Fundi wa sasa mwenye mita ya tarakimu yenye omu milioni 10 anapopima redio hiyo, huona volti nyingi kuliko zilizoandikwa, na anaanza kung'oa sehemu ambazo hazina ubovu. Katika hali hiyo, mita iliyo bora ndiyo inayompoteza, kwa sababu hakusoma maandishi madogo chini ya karatasi.

Uongo wa pili: uzee

Chanzo cha pili cha kosa ni umri. Vyombo vya zamani havizeeki vyote kwa pamoja. Sehemu zake huzeeka moja moja, na kila moja ina ugonjwa wake.

Rezista za kaboni iliyoshindiliwa hunyonya unyevu na kuathiriwa na joto, na kwa kawaida thamani yake hupanda kadiri miaka inavyopita. Rezista ya omu 100,000 inaweza kukutwa ina omu 130,000 bila kuonyesha alama yoyote ya kuungua. Ikiwa ndiyo inayogawanya umeme ndani ya chombo, basi kila namba katika nafasi hiyo ya swichi itakosea kwa kiasi kile kile, ilhali nafasi nyingine zikiwa sahihi. Hii ni dalili muhimu: kosa lililo katika nafasi moja tu huelekeza kidole kwenye rezista au mguso wa swichi ya nafasi hiyo, na kosa lililo katika nafasi zote huelekeza kwenye sumaku, koili au umeme wa ndani wa chombo.

Kapasita za karatasi na nta, zilizojaa katika vyombo vya kabla ya miaka ya 1960, nazo huvujisha. Kazi ya kapasita ni kuzuia mkondo mnyoofu na kupitisha mkondo geu. Nta inapoingiza unyevu, mkondo mnyoofu hupenya kidogo kidogo hadi kwenye vali inayofuata, na chombo huanza kuonyesha kitu ambacho hakipo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika saketi yenye ukinzani wa mamilioni ya omu, uvujaji mdogo sana unatosha kuharibu kipimo kizima. Kapasita za elektroliti, zile kubwa zinazolainisha umeme wa ndani, hukauka. Rektifaya za seleni hudhoofika, na zikiungua hutoa harufu mbaya yenye sumu.

Betri pia zina historia yake. Model 8 ilitumia betri ya volti 1.5 pamoja na nyingine ndogo ya volti 15 kwa kupimia ukinzani mkubwa. Ile ya volti 15 imekuwa adimu, na betri zilizosahaulika ndani ya mita huvuja na kula shaba ya viunganishi. Vipo pia vifaa vya kubebeka vilivyotegemea betri ya zebaki, yenye volti 1.35 zisizoyumba katika karibu maisha yake yote. Betri za namna hiyo ziliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake, na Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996. Anayeweka betri ya kawaida ya volti 1.5 mahali pake ameongeza asilimia 11, na ikiwa kifaa hicho kilitumia betri ile kama kipimo cha kulinganishia, kosa hilo litaonekana katika namba zake.

Wakati mwingine ugonjwa ni mdogo hadi wa kuchekesha. Mshale unaweza kukwama katikati ya njia bila sababu, na fundi akafungua mita nzima akitafuta ubovu wa koili. Kumbe aliipangusa plastiki ya mbele kwa kitambaa kikavu, plastiki ikapata chaji, nayo ikauvuta mshale. Kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo humaliza tatizo hilo kwa dakika moja.

Utaratibu wa kumhoji mshukiwa

Kutokana na uzoefu wa miongo mingi, mafundi walijijengea mpangilio wa uchunguzi unaoanza na yaliyo rahisi. Kwanza ni macho na pua: kutu, nta iliyoyeyuka, betri iliyovuja, harufu ya kuungua. Kisha mshale hutazamwa wakati hakuna umeme, mita ikiwa imelazwa jinsi watengenezaji walivyoagiza. Usipokaa kwenye sifuri, kuna parafujo ya kuurekebisha. Baadaye huja nyaya na ncha zake, ambazo mara nyingi hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Swichi huzungushwa mara kadhaa, kwa kuwa oksidi juu ya miguso yake huongeza ukinzani usiotakiwa. Chombo cha vali huachwa kipate joto kwa nusu saa kabla ya kuhukumiwa.

Hatua inayofuata ni kupima jambo linalojulikana, katika nafasi zote za swichi, na kuandika kila namba. Mtu asiye na subira hufungua parafujo za kusawazisha na kuzizungusha mpaka mshale useme anachotaka. Kufanya hivyo ni kuufunika ugonjwa. Rezista iliyopanda thamani itaendelea kupanda, na safari ijayo parafujo itakuwa imefika mwisho wake. Kusawazisha ni kazi ya mwisho, baada ya ubovu kuondolewa.

Hata ukarabati wenyewe unaweza kuharibu. Kampuni ya Tektronix, iliyoanzishwa mwaka 1946 huko Portland, Oregon, ilileta sokoni mwaka 1947 osiloskopu yake ya kwanza, aina ya 511, kwa bei ya dola 795. Osiloskopu huonyesha umeme kama mstari wa mwanga kwenye kioo, na kwa miaka mingi za kampuni hiyo zilikuwa kigezo. Katika vyombo vyake vya miaka ya 1950, nyaya zilishikizwa kwenye vipande vya kauri vyenye utando wa fedha. Lehemu ya kawaida hulamba fedha hiyo kila inapoyeyushwa, hata kiunganishi kikabanduka. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliacha ndani ya chombo kirundo kidogo cha lehemu iliyochanganywa na fedha, ili fundi atakayekuja baadaye asikose. Walijua kwamba siku moja chombo chao kitafunguliwa na mtu wasiyemfahamu.

Ipo hatari nyingine katika vyombo hivyo. Kioo cha osiloskopu huendeshwa kwa maelfu ya volti, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Asiyejua namna ya kuutoa umeme huo kwa usalama hapaswi kukifungua chombo cha aina hiyo.

Uongo wa tatu: dhana iliyochorwa kwenye uso wa mita

Chanzo cha tatu hakitokani na uzee wala na mkondo unaonyonywa. Kimo katika namba zenyewe zilizochapwa chini ya mshale.

Koili ya d'Arsonval haiwezi kupima mkondo geu moja kwa moja, kwa kuwa mkondo huo huisukuma mbele na nyuma na kuiacha imesimama. Mita hutumia rektifaya kuugeuza uwe wa upande mmoja, na mshale huonyesha wastani wake. Lakini kinachotakiwa na mtumiaji ni thamani inayolingana na nguvu halisi ya umeme huo, ambayo kwa wimbi la kawaida la gridi ni mara 1.11 ya wastani. Watengenezaji walizidisha hesabu hiyo kabla ya kuchapa namba. Walidhani, kwa haki kabisa katika zama zao, kwamba umeme wote utakaopimwa utakuwa na umbo la wimbi laini.

Leo nyumba nyingi hutumia inverta za bei nafuu zinazogeuza umeme wa betri au wa jua. Baadhi ya inverta hizo hutoa wimbi la ngazi. Tuseme inverta inatoa volti 325 kwa nusu ya muda, na sifuri kwa nusu nyingine. Nguvu yake halisi ni sawa na volti 230. Wastani wake ni volti 162.5, nao ukizidishwa kwa 1.11, mshale utasimama karibu na volti 180. Mita haina ubovu wowote, na inverta iko sawasawa. Fundi anayeamini namba hiyo na kupandisha umeme hadi mshale ufike 230 atakuwa amepeleka kwenye jokofu la mteja karibu volti 293. Hasara itakuwa ya mteja, na lawama zitaangukia inverta.

Nani anampima mpimaji?

Kila fundi anayetaka kuihakiki mita yake hukutana na swali lisilo na mwisho: ailinganishe na nini? Mita ya pili nayo huenda ina kosa, na ya tatu pia.

Ni Edward Weston tena aliyetoa jibu lililodumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Mwaka 1893 alivumbua seli ya kadimiamu na zebaki iliyotoa karibu volti 1.0183 kwenye joto la nyuzi 20, na kubaki hapo kwa miaka mingi mradi haitolewi mkondo mkubwa. Mwaka 1911 seli hiyo ilifanywa kigezo cha kimataifa cha volti, na Weston akaachilia haki zake za hataza ili itumike na wote. Maabara za mataifa zilitunza makundi ya seli hizo ndani ya mafuta yenye joto lisilobadilika, zikilinganishwa moja na nyingine kama wazee wa baraza.

Lakini nazo zilikuwa vitu, na vitu huzeeka. Mwaka 1962 mwanafunzi wa Cambridge, Brian Josephson, alikokotoa kwamba metali mbili zilizopoozwa hadi kupoteza ukinzani wote, zikitenganishwa na utando mwembamba sana, zinaweza kuhusisha volti na idadi ya mitikisiko ya mawimbi kwa sekunde, kwa uwiano usiobadilika popote ulimwenguni. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Kuanzia mwaka 1990 maabara za dunia zilikubaliana kutumia thamani moja ya uwiano huo, na mabadiliko ya vizio vya kimataifa ya mwaka 2019 yakaufunga kwenye viasili vya maumbile. Sasa volti haitegemei tena chupa yenye zebaki.

Fundi wa kawaida hahitaji maabara ya namna hiyo. Anachohitaji ni mnyororo: mita yake ilinganishwe na nyingine iliyohakikiwa hivi karibuni, nayo iwe imelinganishwa na iliyo bora kuliko yenyewe, hadi kwenye kigezo cha taifa. Njia ya mwongo ni fupi, na mashahidi wawili wasiotegemeana huifanya iwe fupi zaidi.

Mshale uliposema kweli na watu wakaukana

Ipo pia hatari ya upande wa pili, nayo ni kukataa kila namba isiyopendeza kwa kisingizio cha ubovu wa chombo.

Mwaka 1964, huko Holmdel katika New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson wa maabara za Bell walikuwa wakitumia antena kubwa yenye umbo la pembe, iliyojengwa miaka michache kabla kwa ajili ya majaribio ya setilaiti ya puto iliyoitwa Echo. Chombo chao kilionyesha kelele ya ziada ya nyuzi 3.5 hivi juu ya sifuri halisi ya joto. Ilikuwa pale pale mchana na usiku, kila upande wa anga walikoielekeza antena.

Walifanya yale yale ambayo fundi yeyote mwangalifu hufanya. Walilinganisha antena na chanzo cha kelele kilichopoozwa kwa heliamu ya kimiminika, ambacho kiwango chake walikijua. Walichunguza viungio na kuvifunika kwa utepe wa alumini. Waliwakuta njiwa wamejenga kiota ndani ya pembe, wakawaondoa na kusafisha kinyesi chao. Kelele haikuondoka.

Baada ya kumaliza orodha yote ya makosa yanayowezekana, walibaki na jibu moja: kelele ilitoka angani. Wataalamu wa Princeton, wakiongozwa na Robert Dicke, walikuwa wakijiandaa kuitafuta mionzi ya namna hiyo hiyo, masalia ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965, na mwaka 1978 Penzias na Wilson wakapata Tuzo ya Nobel. Lau wangezungusha parafujo ya kusawazisha hadi kelele ipotee, antena yao ingeonekana nzima kabisa, na wao wasingegundua chochote.

Sifuri inayoua

Kwa wengi, hata hivyo, suala hili haliishii kwenye tuzo. Linaishia kwenye sanduku la umeme ukutani.

Namba ya hatari kuliko zote kwenye mita ni sifuri. Mita yenye waya uliokatika ndani, fyuzi iliyoungua, au swichi iliyowekwa nafasi isiyo yake, huonyesha sifuri mbele ya waya wenye volti 230. Sifuri ya ubovu na sifuri ya usalama hufanana kabisa. Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa Uingereza unaojulikana kama GS38 unasisitiza kwamba chombo cha kupimia kihakikiwe kabla ya kipimo na baada yake. Fundi hugusa kwanza chanzo kinachojulikana kuwa na umeme, na kuona mshale ukipanda. Kisha hupima waya anaokusudia kuushika. Halafu hurudi kwenye chanzo kile cha kwanza, na kuona mshale ukipanda tena. Hapo tu ndipo sifuri ya katikati inapoweza kuaminiwa, kwa sababu mita inaweza kufa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili.

Mwongozo huo huo unataka pia ncha za kupimia ziwe zimefunikwa vizuri na ziwe na kinga ya mkondo. Mita nyingi za karne iliyopita hazikutengenezwa kwa viwango hivyo. Zinafaa sana kwenye meza ya fundi wa redio, lakini hazifai kupelekwa kwenye umeme mkubwa wa jengo, hata kama mshale wake bado ni sahihi.

Na yule fundi wa redio ya vali? Akishajua kwamba mita yake ina omu 1,000 kwa kila volti, atakokotoa, na ataona kwamba 33 ndiyo namba ambayo mita hiyo inapaswa kuonyesha mahali penye volti 50. Redio haina ubovu pale. Ataiacha rezista ile ilivyo, na atahamisha ncha za mita kwenye hatua inayofuata ya saketi.